Mgeni akitaka kutazama ligi yetu Nairobi, tumwelekeze wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mgeni wangu aondoke Nairobi bila kuona alichokuja kukiona. Mgeni huyo ni Mzanzibari, na hakufunga safari kwa ajili ya simba wa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi wala twiga wa kule Lang'ata, ingawa nilimpeleka kote huko naye akafurahi. Alichotaka ni kuketi jukwaani siku moja tu, atazame mechi ya ligi ya Kenya akiwa katikati ya Wakenya. Alikaa kwangu zaidi ya wiki moja, nasi tukashindwa kumtimizia haja hiyo. Ili msomaji aelewe kwa nini jambo hili limeniuma hata nikashika kalamu, sina budi kuanzia mbali kidogo, Unguja, ambako mimi ndiye niliyekuwa mgeni.

Mnamo Januari 2024 mimi na mke wangu tulikwenda Zanzibar kupumzika. Tulipanda gari la moshi hadi Mombasa, tukavuka mpaka wa Lungalunga kwa basi, kisha kutoka Dar es Salaam tukaingia Unguja kwa boti. Siku za mwanzo tulifanya kila ambacho mtalii hufanya huko: tulizunguka vichochoro vya Mji Mkongwe, tukaenda msitu wa Jozani kuwaona kima punju, tukapelekwa kwenye shamba la viungo na kunusishwa karafuu, mdalasini na iliki. Yote yalikuwa mazuri, wala siyadharau. Hata hivyo, katika siku hizo zote watu tuliozungumza nao walikuwa wale ambao kazi yao ni kuzungumza na watalii, na mazungumzo mengi yaliishia kwenye bei.

Jioni ya tarehe 12, siku ambayo Wazanzibari huadhimisha Mapinduzi ya 1964, kijana wa mapokezi katika nyumba ya wageni tulimofikia alituuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa katika hoteli yoyote ya Nairobi. Alisema, "Baba, kesho usiku ni fainali. Nyie hamwendi Amaan?" Alikuwa anazungumzia Kombe la Mapinduzi, mashindano ambayo huchezwa kila Januari kwa heshima ya siku hiyo, na ambayo kwa kawaida huzikutanisha klabu za visiwani na za Tanzania Bara, mara nyingine pamoja na wageni kutoka nchi jirani. Kijana huyo alijua mchezo ungeanza saa ngapi, kiingilio kilikuwa kiasi gani, tupande daladala ipi na tuingie kwa lango lipi. Nilipomwambia kwamba laini zetu za simu ni za Kenya, alitununulia tiketi yeye mwenyewe, nasi tukamrudishia pesa zake mkononi. Jambo zima halikuchukua hata dakika kumi, na gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya chakula cha mchana ufukweni.

Uwanja wa Amaan ulijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka wa 1970, kisha ukafanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya mwishoni mwa Desemba 2023, yaani wiki mbili tu kabla hatujafika. Rangi ilikuwa bado inanukia. Mke wangu, ambaye mara yake ya mwisho kuingia uwanjani ilikuwa Kasarani mnamo Desemba 1987, siku ambayo Gor Mahia ilitoka sare ya 1-1 na Espérance ya Tunisia na kutwaa Kombe la Mandela la klabu za Afrika kwa faida ya mabao mawili iliyofunga ugenini, aliingia kwa wasiwasi akiwa ameukumbatia mkoba wake. Kabla ya nusu saa kupita mkoba ulikuwa umekaa chini ya kiti. Akina mama wenye mabaibui walikuwa wamekuja na watoto wao. Vijana walipita na karanga na kashata. Mashabiki wa Simba, klabu ya Dar es Salaam, walikuwa wengi, wamevaa nyekundu na nyeupe, maana mpenzi wa Simba wa Unguja hapungukiwi kitu na mwenzake wa Msimbazi, mtaa wenye makao ya klabu hiyo. Upande mwingine ilikuwa Mlandege, klabu iliyopewa jina la mtaa wa mjini pale pale, bingwa mtetezi ambaye wengi walidhani bahati yake ya mwaka uliotangulia isingejirudia.

Kando yangu aliketi bwana mmoja wa makamo, fundi wa kuchonga milango. Alinitazama kidogo, akaniuliza kama nimetoka Bara. Nilipomjibu kwamba nimetoka Nairobi, aligeuka akawaambia watu wa safu nzima, "Huyu ndugu yetu ametoka kwa wale waliotunyang'anya kombe Machakos!" Wote wakacheka, nami nikakumbuka. Tarehe 17 Desemba 2017, katika fainali ya Kombe la Chalenji la CECAFA, yaani la nchi za Afrika Mashariki na Kati, Kenya na Zanzibar zilitoka sare ya 2-2 pale Machakos, na Kenya ikashinda kwa penalti 3-2. Kwetu sisi ushindi huo uliandikwa magazetini siku mbili tatu ukasahauliwa. Kwao ni kidonda. Fundi alinieleza kwa utulivu kwamba Zanzibar imelitwaa kombe hilo mara moja tu, mwaka wa 1995, na kwamba mwaka huo huo wa 2017 Shirikisho la Soka Afrika lilikuwa limeipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake mwezi wa Machi, kisha likauondoa uanachama huo baada ya miezi michache. Kwa hiyo wachezaji waliokuja Machakos, alisema, walikuwa wamebeba shauri la visiwa vizima, na penalti zile hawajazimaliza kuzipiga hadi leo.

Mimi nimefundisha historia kwa miaka thelathini na moja. Nilikuwa nimesoma habari za Muungano na za Mapinduzi, na bado niliyajua mambo ya Zanzibar vizuri zaidi nilipoondoka Amaan usiku ule kuliko nilipoingia. Hakuna mwongozaji wa watalii ambaye angenieleza habari hiyo, kwa sababu nisingejua kumwuliza. Uwanjani watu hawakuonyeshi nchi yao. Wanakusahau, wanaendelea kuishi mbele yako, na ukiketi nao kwa dakika tisini wanakuhesabu mmoja wao. Mlandege ilishinda bao 1-0 na kulibakisha kombe mtaani mwake. Mashabiki wa Simba walisikitika, Fundi alipiga makofi hadi viganja vikawa vyekundu, kisha akatusindikiza hadi kituo cha daladala na kutuachia namba yake ya simu.

Tangu siku ile tumekuwa tukiandikiana. Mwaka jana alinijulisha kwamba yeye na mkewe wangependa kuijua Nairobi, na ombi lake la pekee lilikuwa nimpeleke kwenye mechi ya ligi, ikiwezekana ya Gor Mahia au AFC Leopards, klabu ambazo amezisikia tangu utotoni. Nilimhakikishia kwamba jambo hilo ni dogo. Niliona fahari kabisa, kwa kuwa mpira wa Nairobi naujua tangu enzi ambapo Uwanja wa City kwenye Barabara ya Jogoo, ambao sasa una jina la marehemu Joe Kadenge, ulikuwa ukijaa hadi watoto wanapanda miti.

Jumamosi ya kwanza palikuwa na mechi katika uwanja mmoja wa hapa mjini kati ya timu mbili ambazo sitazitaja, kwa maana shabaha yangu si kumfedhehesha mtu. Ijumaa usiku, wakati mke wangu ameshapanga nguo za kuvaa, kijana wa jirani alinipigia simu akaniambia kwamba mechi imesogezwa hadi Jumatano na itachezewa nje ya Nairobi. Hapakuwa na tangazo lolote ambalo mimi, msomaji wa gazeti wa kila siku, niliweza kuliona. Jumatano tulikuwa tumeshalipia safari ya Naivasha. Nikamwomba Fundi radhi, naye kwa adabu ya kwao akasema halidhuru, siku bado zipo.

Jumapili iliyofuata tulifika uwanja mwingine saa moja kabla ya mchezo. Langoni tukaambiwa kwamba tiketi haziuzwi kwa pesa mkononi, zinanunuliwa kwa simu peke yake. Laini ya mgeni wangu ilikuwa ya Zanzibar, kwa hiyo niliwalipia wote wanne kwa simu yangu. Pesa zikatoka, lakini ujumbe wa tiketi haukuja. Kijana wa langoni hakuwa na uwezo wa kutusaidia zaidi ya kutuambia tusubiri, na simu ya huduma tuliyopewa haikupokewa. Tulisimama juani tukisikia kelele za mashabiki zikipanda na kushuka nyuma ya ukuta. Filimbi ya mapumziko ilipopulizwa, mke wa Fundi alikuwa amekaa juu ya jiwe, amechoka, nami nikaamua turudi nyumbani. Njiani Fundi aliniuliza, bila kejeli yoyote, "Mwalimu, hivi timu zenu huchezea nani?" Alimaanisha ni watu gani hasa wanaotarajiwa kuzitazama. Walipanda ndege ya kurudi Jumanne.

Mhariri, nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu kila ninapolizungumzia jambo hili naambiwa kwamba watalii hawaji Kenya kwa ajili ya soka. Ni kweli hawaji kwa ajili hiyo, kama ambavyo mimi sikwenda Zanzibar kwa ajili ya Mlandege. Lakini mtalii akishafika huwa na jioni au alasiri isiyo na kazi, na anayeijua dunia kidogo hupenda kuitumia mahali ambapo wenyeji wenyewe huenda. Wakenya wenzetu wanaobahatika kufika London hawarudi bila kupiga picha mbele ya uwanja wa Arsenal, na wenye uwezo hulipa fedha nyingi ili waingie ndani. Sisi tunacho cha kumwonyesha mgeni ambacho hatakipata London. Anapaswa kuiona Mashemeji, mechi ya Gor Mahia iliyoanzishwa mwaka wa 1968 na AFC Leopards iliyoanzishwa mwaka wa 1964, mahasimu ambao nusu yao wameoana. Anapaswa kuzisikia ngoma za isukuti za Waluhya, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka wa 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, zikipigwa jukwaani bila kulipwa na hoteli yoyote.

Kizuizi kikubwa, kwa maoni yangu, ni ratiba. Mgeni hupanga siku zake wiki kadhaa kabla ya kusafiri, na mechi isiyokuwa na siku ya uhakika wala mahali pa uhakika haiwezi kuingia katika mpango wake, hata iwe tamu namna gani. Najua sababu za kuhamishwa kwa mechi zetu. Viwanja vya Nyayo na Kasarani vilifungwa kwa muda mrefu kwa ukarabati, na hata vikiwa wazi vinagombaniwa na sherehe za kitaifa, mikutano ya siasa na mahubiri. Mwaka wa 2024 hata Harambee Stars ilicheza mechi zake za nyumbani katika nchi za watu, dhidi ya Ivory Coast kule Malawi na dhidi ya Zimbabwe kule Uganda, na Mkenya aliyetaka kuishangilia timu ya taifa lake ikicheza "nyumbani" alilazimika kuvuka mpaka. Hayo nayaelewa na nayasikitikia. Nisichokielewa ni kwa nini mechi ikishahamishwa habari hiyo itembee kwa minong'ono. Tangazo la wazi, lenye siku, saa, uwanja na bei ya kiingilio, likitolewa siku kumi na nne kabla ya mchezo na kuheshimiwa, lingewasaidia hata mashabiki wetu wanaotoka Kisumu na Kakamega kwa nauli yao wenyewe. Magazeti nayo yana sehemu yao. Zamani gazeti la Ijumaa lilikuwa na kipande cha ratiba ambacho baba yangu alikikata kwa wembe akakibandika ukutani, na mimi ningependa kukiona tena.

Kuhusu tiketi, sipingi malipo ya simu. Yamezuia wizi langoni na ni jambo la kupongezwa. Ombi langu ni kwamba iwepo njia moja ya mtu asiye na laini ya Kenya kulipa, ama kwa kadi ya benki, ama kwa dirisha moja tu mjini linalokubali pasipoti na fedha taslimu. Na pale mtambo unapokwama, langoni awepo mtu mwenye mamlaka ya kuangalia kwamba pesa zimepokewa na kumruhusu mwenye nazo kuingia. Haya hayahitaji fedha nyingi kutoka serikalini.

Kuna suala la usalama, na hili siwezi kulipita kimyakimya nikiwa nahimiza wageni waje. Oktoba 2010 watu saba walikufa Nyayo katika msongamano wa langoni siku ya Mashemeji. Agosti 2025, Kenya ilipoandaa pamoja na Tanzania na Uganda mashindano ya CHAN, yale ya timu za taifa zenye wachezaji wa ligi za nyumbani tu, fujo za kuingia Kasarani zilifanya Shirikisho la Soka Afrika lipunguze idadi ya mashabiki walioruhusiwa. Msomaji atagundua kwamba hatari yetu imekuwa malangoni zaidi kuliko majukwaani. Ndani, watu wetu ni wakarimu, na mgeni akishakaa atapewa karanga na kufundishwa wimbo. Malango yafunguliwe saa tatu kabla ya mchezo, foleni zitenganishwe mbali na ukuta, na mwenye tiketi asilazimike kupigania nafasi na asiye nayo. Fundi hakuogopa mashabiki wetu hata kidogo. Kilichomtia hofu ni kule kusimama pale nje, asijue aende wapi, huku watu wakisukumana kumpita mkewe.

Hoteli na kampuni za utalii nazo zinaweza kufanya jambo moja kesho asubuhi bila kumsubiri mtu yeyote, nalo ni kumpa kila mhudumu wa mapokezi karatasi yenye mechi za wiki hiyo. Kijana wa Unguja hakuwa amesomea utalii wa michezo. Alikuwa shabiki aliyeona wageni wamekaa bila kazi, na alikuwa na habari sahihi mkononi. Vijana wa namna hiyo tunao tele katika hoteli za Nairobi, na wengi wao ni mashabiki wa kufa na kupona, ila ukiwauliza Gor inacheza wapi Jumapili nao hulazimika kupiga simu kwanza.

Tunajitayarisha kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 pamoja na majirani wetu, na Uwanja wa Talanta unajengwa karibu na Barabara ya Ngong. Wageni watakuja kwa maelfu, na kwa majuma hayo machache najua tiketi zitapatikana na ratiba haitabadilika, kwa kuwa wenye mashindano hawatakubali. Ningependa tuanze mapema, kwenye mechi za kawaida za Jumamosi, kumfanyia mgeni mmoja mmoja yale tutakayolazimika kuwafanyia maelfu.

Wiki iliyopita Fundi aliniandikia tena. Anamalizia mlango wa msikiti mmoja kule Pemba, na akishalipwa yeye na mkewe wangependa kurudi Nairobi kwa siku nne. Hataki kwenda Naivasha wala kwa twiga safari hii. Ameniomba nimtajie Jumamosi moja ambayo Gor Mahia au AFC Leopards itacheza hapa mjini, ili akate tiketi ya ndege kuanzia Ijumaa yake. Nimeulizia kwa watu wanne wanaoujua mpira, kila mmoja amenipa siku yake, na mimi bado sijamjibu.

Mwalimu mstaafu,
Buruburu, Nairobi.